Nitengenezee Jino la Sasa

Watu wakisikia natengeneza meno ya kauri, kitu cha kwanza wanachoniambia ni kwamba wanataka jeupe. Jeupe kabisa, kama la yule wa kwenye tangazo. Huwa nawajibu vibaya. Daktari wa meno ninayefanya naye kazi, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku Kyela akaizoea mvua yetu, hataki nikae karibu na wagonjwa kwa sababu hiyo hiyo. Ananiambia, "Dada, wewe kaa na tanuru lako huko nyuma, maneno niachie mimi." Na kweli nakaa huko nyuma, kwenye chumba chenye dirisha moja ambalo jua haliingii moja kwa moja, mimi na chupa zangu za unga.

Unga wenyewe ukiutazama kwenye chupa huelewi kitu. Wa kahawia umefanana na wa njano, wa njano umefanana na wa kijivu, wote umepauka kama unga wa muhogo. Unauchanganya na maji kidogo, unaujenga kwa brashi juu ya kikombe chembamba cha chuma chenye umbo la jino, na bado hujui. Likitoka kwenye tanuru ndipo unajua ulichochanganya. Jino lililotoka jeupe mno unaweza kulishusha. Unapaka kahawia kidogo, unalirudisha motoni, linashuka. Lakini lililozima mwanga limezima. Hata ukimwaga chupa nzima ya nyeupe juu yake, litakuwa jeupe la chokaa, si jeupe la jino. Na ukizidi kuongeza rangi ili urekebishe rangi, unaishia kwenye majivu. Hilo nilifundishwa Dar es Salaam na mwalimu aliyekuwa akitupa kazi zetu dirishani, nikafaulu mtihani wake, na sikulielewa vizuri mpaka siku nilipomtengenezea dada yangu jino la pili.

La kwanza nilimtengenezea nikiwa nimerudi tu nyumbani. Dada alikuwa akiuza mchele Kasumulu, karibu na mpaka, pale malori ya kwenda Malawi yanapojipanga tangu asubuhi. Siku moja wakipima gunia, ndoano ya mizani ikachomoka ikampiga mdomoni, na jino la mbele la juu, upande wa kushoto, likakatika nusu. Kwa mtu mwingine ingekuwa ajali ya kawaida. Kwa dada lilikuwa pigo, maana yule mtu biashara yake yote ilikuwa kwenye kicheko. Alikuwa na mwanya, ule mwanya ambao watu huwaombea watoto wao, na akicheka alitupa kichwa nyuma na kuuonyesha wote. Wapo wanunuzi waliopita mabanda mengine yenye mchele mzuri tu wakaenda kwake, ili wataniwe kwanza ndipo wauziwe. Alipovunjika jino akawa anaongea na kiganja mdomoni, na mimi nikajiambia kama hili nitalishindwa, basi nirudishe cheti changu.

Kwa kawaida fundi kama mimi mgonjwa hamwoni. Naletewa umbo la kinywa chake la plasta na karatasi yenye namba ya rangi, basi. Lakini dada nilimkalisha mwenyewe kwenye kizingiti cha maabara, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alikuja na blauzi nyekundu ya kwaya. Nikamfunga taulo la kijivu kuanzia shingoni, kwa sababu nguo nyekundu hulirushia jino rangi na jicho likadanganyika. Nikamfuta rangi ya mdomo, akalalamika. Nikamwambia afunge mdomo, kisha nikamwambia aufungue, akasema niamue moja. Nikapitisha sampuli zangu, yale meno ya mfano yaliyoshikizwa kwenye vijiti, moja baada ya jingine, haraka haraka. Jino likikaa wazi likakauka linapauka, na ukilichagulia rangi likiwa kavu utamtengenezea mtu jino ambalo mate yakirudi litabaki peke yake mdomoni.

Lile jino lilitoka vizuri mpaka nikaogopa. Nilimwachia mwanya wake. Niliweka njano nyepesi karibu na fizi, na kwenye ncha nikaacha ule mwanga wa samawati kidogo ambao meno ya mtu mwenye afya huwa nao. Daktari alipomaliza kulibandika alisogea nyuma akatazama, akasema, "Hili sasa limezaliwa humo."

Dada akaligeuza mchezo. Mteja akifika bandani anamfungulia kinywa: "Mdogo wangu kaniwekea jino. Lipi?" Hakuna aliyelipata. Kulikuwa na mama mmoja muuza mchele wa banda la jirani, mshindani wake, wa kugombana naye asubuhi na kupatana jioni, ambaye hakukubali kabisa kushindwa. Huyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Anamshika dada kidevu, anamgeuza huku na huku kwenye jua, vile vile anavyokagua mchele uliochanganywa na wa mwaka jana, kisha anamwachia. "Bado sijaliona," anasema. "Siku nikilitaja nitakuwa na hakika." Na dada anamjibu, "Rudi kesho." Kesho anarudi kweli. Ilikwenda hivyo miaka.

Kisha figo zikaanza. Hazikuja kwa kishindo. Miguu ilivimba, tukasema ni kusimama sana. Uso ukawa unavimba asubuhi, tukasema malaria, maana kwetu kila kitu ni malaria mpaka kikatae. Kilipokataa tukaenda Mbeya, na huko wakatueleza kwa upole ule wa kuogopesha. Dada akafunga banda, akahamia kwa mama, Ipyana, kwenye nyumba yetu katikati ya kokoa na migomba.

Nilikuwa nakwenda kila nikipata nafasi. Wengine walimwangalia miguu, walimwangalia macho. Mimi nilimwangalia mdomoni, ndiko nilikozoea. Kutapika kila siku kulikuwa kunakula ile ngozi ngumu ya juu ya meno, na njano ya ndani ikawa inajitokeza. Dawa ya maji ya kuongeza damu iliacha mistari ya kahawia kando ya fizi, na fizi zenyewe zikapauka, zikaanza kurudi nyuma. Kila nikija, meno yake yameshuka. Yote, isipokuwa langu. Kauri haiugui. Lilikaa pale mbele na njano yake nyepesi na mwanga wake wa samawati, rangi ya dada yangu wa Kasumulu, katikati ya meno ya mtu ambaye simjui. Jino ambalo hakuna aliyewahi kulipata sasa ungeliona kutoka mlangoni. Nililichukia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilikuwa nakaa kwenye mkeka wa mama nikiichukia.

Yeye mwenyewe aliona. Alikuwa na kioo kidogo chini ya mto. Aliacha kucheka, na akitaka kusema kitu alivuta pindo la khanga mdomoni kwanza.

Asubuhi moja nikakuta kisosi kwenye kigoda kando ya kitanda, na jino ndani yake. Fizi zilikuwa zimerudi nyuma, saruji ya kubandikia imeachia, likatoka na ndizi aliyokuwa anajilazimisha kula. Lilikuwa zima, halina hata ufa. Nikafurahi, mjinga mimi, kwamba kazi ni ndogo. Nikamwambia nitakuja na daktari tulirudishe, hata hutasikia.

"Hilo sitaki," akasema.

"Hutaki nini?"

"Nitengenezee jino la sasa."

Nikajifanya sijaelewa. Akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wateja wanaojifanya hawajui bei.

"Mdogo wangu," akasema, "bibi unamkumbuka. Ukoo wetu tukifa midomo haifungi. Alilala pale anatuonyesha meno yake yote, na watu waliyasema mwaka mzima. Na mimi watapanga mstari kuniaga, na watanitazama mpaka waridhike. Hilo likikaa hapo linang'aa peke yake, hakuna atakayeniangalia mimi. Watabishana nikiwa nimelala, la kubandika hili, la kuzaliwa hili. Mimi sijawahi kukamatwa. Nataka niende hivyo hivyo."

Nilimjibu maneno makali. Nilimwambia nani kasema unakwenda. Nilimwambia mimi natengeneza meno ya kulia chakula, sitengenezi meno ya jeneza. Nikatoka nje. Mama alikuwa anageuza kokoa kwenye mkeka, kokoa iliyotoka tu kuvundikwa, ile inayonuka siki, na nikamgombeza yeye kama vile yeye ndiye aliyeleta figo. Mama hakuacha kugeuza.

"Mtengenezee," akasema.

"Nikimtengenezea ni kama nimekubali."

"Na ukikataa, atabaki?"

Nikalia palepale kando ya mkeka. Mama akanisogezea kigoda kwa mguu, akaendelea na kokoa yake, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani.

Kesho yake nikamkalisha kwenye kizingiti, safari hii cha nyumba ya mama, na taulo lile lile la kijivu shingoni. Nilimbeba kumtoa kitandani, alikuwa mwepesi. Nikapitisha sampuli mpaka nikafika kijiti cha mwisho, kile cheusi kuliko vyote ambacho hata wazee wavuta tumbaku hawakifikii, na meno yake yalikuwa yamekipita. Hapakuwa na namba ya kuandika. Ilibidi nichanganye kwa jicho.

Nililotoa mara ya kwanza lilikuwa jeupe. Si jeupe la tangazo, lakini jeupe kuliko yeye. Nilipima kahawia nikapunguza, nikapima kijivu nikapunguza, na kila nikipunguza nilijiambia moto utaongeza. Moto haukuongeza kitu. Nikalipeleka Ipyana hivyo hivyo. Dada akalishika karibu na mdomo, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu kwa upande.

"Hili ni la kabla ya Pasaka," akasema. "Sasa hivi tuko wapi?"

Watu walikuwa wameanza kuvuna mpunga.

Nikarudi mjini na hasira zangu. Nikaongeza kahawia, likawa linaelekea wekundu. Nikaweka kijani kidogo kuua ule wekundu, likawa zito. Nikaweka zambarau kuua njano. Nikalichoma, nikalipaka, nikalichoma tena. Nilijua kabisa ninachofanya ni kosa, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Nilikuwa kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi ulioungua. Likatoka na rangi ya majivu ya kuni, mwanga unaingia hautoki. Ningelitupa, lakini nikalifunga kwenye pamba nikaenda nalo. Nadhani nilitaka alikatae, ili siku zisogee.

Alilitazama muda mrefu kuliko lile jingine.

"Hili la maiti," akasema. "Sijafika huko bado. Usiniwahishe."

Akacheka, khanga mdomoni, na kicheko kikageuka kikohozi. Nikamshika mgongo mpaka kipite. Mgongo ulikuwa mifupa mitupu. Khanga ilikuwa imeanguka, uso wake umeelekea mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu augue nikayaangalia meno yale kwa karibu bila kupima chochote, kumwangalia tu. Kahawia ilikuwa chini. Ilikuwa ndani kabisa, na juu yake palikuwa bado na kitu kisafi, chembamba, chenye maji, na mwanga wa mlangoni uliingia pale ukazunguka kidogo ukatoka. Mimi nilikuwa nimeukoroga ugonjwa kwenye unga wote, kila punje, kana kwamba dada yangu mzima alikuwa ugonjwa. Hakuwa hivyo. Alikuwa bado yumo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeacha kumtafuta. Nilimlaza, nikamwambia nakuja. Akasema, "Nenda, nipo."

Lile lililofuata nililifanya polepole. Kahawia moja na njano moja, basi, safu nyembamba chini, juu ya chuma. Juu yake nikajenga unga usio na rangi, ule unaopitisha mwanga kama utando wa maji ya mchele, mwembamba kiasi cha kuogopa kwamba utapasuka. Mstari wa kahawia kando ya fizi niliuchora kwa brashi yenye nywele chache. Umeme haukukatika siku ile, na kwetu hilo nalo ni la kushukuru. Nilipofungua tanuru, nikalipeleka dirishani, nikamwona. Nikakaa chini sakafuni. Fundi anatakiwa afurahi rangi ikikubali, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimelishika jino hilo kiganjani, moyo umepasuka, kwa sababu rangi ilikuwa imekubali.

Daktari alikuja mwenyewe Ipyana kwa pikipiki, Ijumaa, ametoka kuswali, kanzu ameipandisha na begi la vifaa mgongoni. Akamsalimia mama kwa Kinyakyusa chake kibovu, mama akamsahihisha kama kawaida. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Alipomaliza akasogea nyuma, akatazama, akaanza kufunga begi lake.

"Ndaga fijo, daktari," dada akamshukuru. Akachukua kioo chake. Akafunga mdomo, akafungua, akageuka kwenye mwanga, akageuka kivulini. Kisha akakiweka kioo chini.

"Mama," akaita. "Lipi?"

Mama alikuwepo tangu siku ya ndoano ya mizani. Alijua upande, alijua kila kitu. Akainama, akamtazama sana mwanawe.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Umeniweza."

Dada akatupa kichwa nyuma kwenye mto akacheka. Bila khanga. Mwanya wote nje, meno yale yote ya kahawia nje, na hakuna lililokuwa peke yake. Daktari akawa anafunga begi lake ambalo lilikuwa limeshafungwa. Nami nilicheka, na machozi yalikuwa yananitiririka, na dada akaniambia nisimharibie siku. Halafu akanyoosha mkono kwenye kigoda, akachukua kile kisosi chenye lile jino la zamani, akanipa.

"Hili lako," akasema. "Usimpe mtu."

Alifariki kabla mpunga haujamalizika kupurwa.

Tulijaribu kumfunga midomo, mimi na mama, kwa kitambaa laini, tukangoja. Ilipofunguliwa ikaachia, kidogo tu, kama ya bibi. Mama akasema tumwache.

Watu walikuja wengi. Wa Kasumulu walikodi gari, wanawake wakashuka na mchele vichwani, mchele wa msiba, kila mmoja na wa banda lake. Turubai halikutosha, wengine wakasimama kwenye migomba. Na walipanga mstari kama alivyosema, na walimtazama mpaka wakaridhika kama alivyosema. Mimi nilisimama upande wa kichwa. Sikumwangalia yeye, niliangalia macho yao. Nilikuwa nangoja jicho litakalosimama mdomoni, hata moja, na nilikuwa tayari kugombana na mwenye nalo. Walipita wamemwangalia usoni. Walimwangalia dada yangu, wakalia, wakapita.

Yule mshindani wake wa Kasumulu alifika amebadilika sura kwa kulia. Akainama juu ya jeneza, mikono mgongoni, na hapo ndipo macho yaliposhuka mdomoni. Akaangalia upande huu. Akasogea, akaangalia upande ule. Nyuma yake mstari ukasimama, mtu akamgusa bega asogee, hakusogea. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la khanga yangu, nilikofunga lile jino la zamani, nimelishika mpaka likaniuma.

Akainuka, akaja kunishika mkono.

"Bado sijaliona," akaniambia sikioni.

Dada alikuwa na jibu lake la siku zote kwa maneno hayo, na jibu lilinifika mdomoni. Nilifungua kinywa nilitoe. Halikutoka, maana lilikuwa na kesho ndani yake. Nikamtikisia kichwa tu. Yule mama akanifuta uso kwa kiganja, akajifunga khanga yake vizuri kiunoni, akaenda mpaka mwisho wa mstari, akajipanga tena.